Mrija, Springi na Kidevu cha Mitchelle

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeona fuvu la mtoto wangu. Akiwa hai! Akiwa amesimama kando yangu akitafuna ukucha!

Daktari Mukai wa kliniki ya meno alibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa. Huyo hapo Mitchelle wangu, miaka kumi na mitatu, mweupe kama moshi. Pua haipo. Macho hayapo. Meno yote yanaonekana mpaka mizizi. Na taya la chini, dogo, limebaki nyuma kama mtu aliyeachwa na gari. Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Nilihisi niko kanisani.

Daktari alisema meno ya juu ya Mitchelle hayajatokeza kama wanavyomwambia shuleni. Ni taya la chini ambalo halikukua vya kutosha. Kwa kuwa bado anarefuka, linaweza kusaidiwa kuja mbele. Akimaliza kukua, nafasi hiyo imekwisha. Akauliza ni nani katika familia mwenye kidevu cha namna hii. Nanyama, mke wangu, akasema kwao hakuna. Mimi nikapapasa ndevu zangu nikasema kwetu pia hakuna.

(Ndevu hizi nilianza kufuga nikiwa na miaka ishirini na moja. Nairobi nzima hakuna anayejua kilicho chini yake. Hata Nanyama.)

Kliniki inafanya utafiti, watoto wanatibiwa bure. Inalinganisha vifaa viwili. Vyote hufungwa mdomoni na havitoki mpaka daktari avitoe mwenyewe. Cha kwanza ni kijimrija cha chuma na kifimbo kinachoingia ndani yake. Shokabsoba! Shokabsoba ya pikipiki, fupi kuliko njiti ya kiberiti! Huku kimeshikwa na meno ya juu nyuma, huku na ya chini mbele. Ukifunga mdomo, taya halina pa kwenda ila mbele. Cha pili kina springi. Nacho kinasukuma, lakini kinakubali kupinda kidogo. Majina yao ya kigeni yalinishinda. Nimeviita Mrija na Springi.

Nimekuwa fundi wa pikipiki hapa Gatina miaka kumi na sita. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Nilitaka kulia.

Ubaya: kwenye benchi la kungojea ameketi nani? Oketch! Oketch fundi wa kuchomelea vyuma, tuliyekuwa naye kibanda kimoja kule stendi ya Kongo, karibu na hapa, kabla hajahamia Kibera, upande wa Ayany, na drili ambayo hadi leo anasema ni yake. Yuko na binti yake Jael. Kidevu kile kile! Akaniambia, "Niaje, Baba Mitch. Hata wewe?"

Hata mimi nini?

Jumanne, 11 Februari

Siku ya bahasha. Daktari hachagui mtoto yupi apate kifaa kipi. Kila mmoja hupewa bahasha iliyofungwa, na kilichoandikwa ndani ndicho chake. Akichagua yeye, alisema, ulinganisho unaharibika. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Moyoni nilikuwa nimeshaamua. Mitchelle atapata Mrija. Chuma kigumu hakibembelezi taya.

Nilifika mapema, nikakaa mkabala na mlango. Kila mzazi aliyetoka nilimuuliza. Mrija. Springi. Mrija. Springi. Mrija. Wanazipanga kwa zamu! Inayofuata ni Springi, na anayefuata ni mimi! Nikamgeukia Oketch, nikamwambia kwa upole kwamba nimebanwa na haja, atangulie. Alinishukuru. Alinishika mkono kabisa.

Akatoka akicheka. Mrija.

Nikaingia. Springi.

Daktari alieleza kwamba bahasha zimechanganywa na kompyuta, hazina zamu yoyote. Nikamuuliza kama kompyuta inaweza kuongeleshwa vizuri, kwa kitu kidogo. Nanyama alinikanyaga mguu.

Ijumaa, 21 Februari

Springi imefungwa. Wiki iliyopita walipaka gundi na kuweka nyaya, leo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nilisimama pembeni, sikupepesa macho. Vidole vya Daktari Mukai! Mimi nikishika nati ndogo hunianguka mara tatu. Yeye alipitisha kifimbo chembamba ndani ya shavu la mtoto bila mtoto kukunja uso.

Asubuhi kidole changu kingeweza kupita kati ya meno yake ya juu na ya chini. Kifaa kilipobana, "tak," taya likaja mbele. Papo hapo! Uso wa Mitchelle ukawa uso mwingine. Nikashika ukuta.

Daktari akatuonya tusidanganyike. Sasa hivi ni chuma kinachoshikilia. Meno na mfupa bado havijakubali, na havitakubali kwa wiki moja. Ni miezi. Mfupa ukisukumwa polepole, husikia, hubomoka kidogo huku, hujijenga kidogo kule. Husikia! Mimi nilidhani mfupa ni kama jiwe. Miaka arobaini na moja nimetembea na vitu hivi mwilini bila kuviheshimu.

Mitchelle alijitazama kwenye kioo. Akageuka upande. Akafunika mdomo kwa kiganja, kama kawaida yake. Kisha akachungulia kati ya vidole. Jioni alikunywa uji tu.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada tulikwenda kumtembelea Oketch. Ziara ya kirafiki. Rula ya chuma niliificha chini ya koti.

Seline, mke wa Oketch, alitupikia samaki na ugali. Ulinganisho ulianza hapo hapo mezani. Mrija haumruhusu Jael kupeleka taya kando, kwa hiyo anatafuna juu chini, juu chini, kama karani anayepiga muhuri. Mitchelle anatafuna kwa raha. Bao moja kwetu! Kisha Mitchelle akapiga mwayo. Tak! Kifimbo cha kushoto kikachomoka kikaning'inia. Oketch akasema, polepole, akijifuta vidole, kwamba cha Jael hakijawahi kuchomoka. Hajamaliza kusema, Jael akauma ukoko wa ugali, na kile kikofia cha chuma kinachoshika jino lake la nyuma kikang'oka. Kifaa kwa kifaa, sare!

Oketch na mimi tulifurahia maafa ya watoto wetu. Mungu atusamehe.

Nikatoa rula. Nikapima videvu vyote viwili, kuanzia chini ya pua. Oketch akasema nimeinamisha rula. Akaleta yake. Rula zetu hazikukubaliana. Tulibishana mpaka chai ikafanya utando. Wasichana walikuwa wameshatoka nje zamani.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepata! Usingizi ulinipa jibu. Kulinganisha midomo ya watoto wawili si haki. Kila mtoto na mfupa wake. Haki ni mdomo mmoja, vifaa viwili. Mrija kulia, Springi kushoto, siku saba. Upande utakaosogea zaidi ndio mshindi.

Mdomo wenyewe ni wangu.

Tena, kama kidevu changu kitakuja mbele kidogo kwa siri, chini ya ndevu, kitamuumiza nani?

Vifaa ninavyo. Antena ya redio iliyokufa: mirija inayoingiana, saizi kamili! Springi ya kalamu. Supaglu. Nimekata, nimepiga msasa, nimelainisha ncha. Kazi safi. Daktari Mukai mwenyewe angesimama atazame. Nanyama na Mitchelle wamekwenda mazoezi ya kwaya ya Jumapili ya Matawi. Naanza.

Baadaye. Supaglu hukauka haraka kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Mrija umeshinda. Springi ya kalamu ilijikunja dakika ya kwanza ikatoka. Antena imeganda. Imeganda kwenye jino la juu, imeganda kwenye jino la chini, na gundi iliyomwagika imeganda ndevuni. Upande wa kulia umesukumwa mbele. Kwa hiyo pua inaelekea mbele na kidevu kinaelekea kushoto.

Nanyama aliponiona asubuhi, nilipofunua blanketi, alipiga yowe, kisha akaketi, kisha akacheka mpaka akashikilia meza. Kliniki hazifunguliwi Jumapili. Mitchelle akachukua simu ampigie Oketch. Nilikataa kwa mikono yote miwili. Akampigia.

Oketch alikuja na koleo zake ndogo za kukatia waya. Nje watu walikuwa wakipita na matawi, wakiimba. Ndani nilikuwa nimelala kwenye benchi la kazi, tochi usoni, Oketch ameniinamia. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Saa nzima hakusema mzaha hata mmoja. Alikata antena vipande vipande, akivikinga kwa kitambaa nisije nikameza. Gundi ya jinoni aliibandua kwa subira, punje kwa punje. Kila nilipotetemeka alisema, "Tulia, Baba Mitch. Tulia, ndugu yangu." Kumbe mkono ule unaweza kuwa mwepesi hivyo! Miaka yote nimeutazama ukishika drili yangu, nikaona drili tu.

Ndevu hazikuokoka. Oketch alimwomba Nanyama ruhusa, mimi hakuniuliza. Mkasi. Wembe.

Wote watatu walikuwa wakinitazama. Nanyama, miaka kumi na tano ya ndoa, aliinamisha kichwa kama mtu anayesoma tangazo la mbali. Mitchelle alisogea. Akanigusa kidevu kwa kidole kimoja. Akagusa chake. Akanishika bega, akanigeuza ubavu mbele ya kioo, akasimama kando yangu, naye akageuka ubavu.

"Ni kile kile," alisema. "Ni changu."

Hakuwa amefunika mdomo.

Nilikuwa nimeficha kidevu hiki miaka ishirini, na kwa miaka kumi na mitatu mtoto wangu alidhani ametokea peke yake duniani. Nilitaka kumwomba radhi. Midomo ilikuwa imevimba.

Jumanne, 15 Aprili

Daktari Mukai alitazama meno yangu. Kisha akaniambia kwamba mtu wa umri wangu mifupa ilishamaliza kukua, kifaa chochote kitasukuma meno tu, na antena itayang'oa. Taya la mtu mzima likihitaji kusogezwa, ni upasuaji. Akauliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kugusa kifaa cha Mitchelle. Nikikigusa hata mara moja, mtoto anatolewa kwenye utafiti.

Nikaapa kwamba sijawahi. Ni kweli kabisa. Nilikuwa nimepanga kukigusa mwezi wa tano.

Nikiwa mlangoni akaniita. Akauliza ni upande gani uliosogea. Nikamwambia kulia. Akauma mdomo na kugeukia dirisha, mabega yakimtikisika.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Mitchelle anataka kitolewe. Springi imemchubua shavu ndani. Na jana aliambiwa asome kwa sauti darasani, mate yakamtoka, darasa zima likacheka. Amesema hatarudi kliniki tena, tumwache na kidevu chake. Hakula. Amelala amegeukia ukuta.

Nanyama alikwenda kukaa naye. Mimi nikakaa kupanga. Nikaandika barua rasmi kutoka serikalini, inayosema kwamba ni marufuku mtoto kuacha utafiti katikati. Nikachora muhuri kwa kifuniko cha chupa. Nikaipitisha chini ya pazia. Ikarudi baada ya dakika tano. Alikuwa amesahihisha makosa ya tahajia. Yalikuwa tisa.

Alasiri nani anabisha hodi? Jael, kutoka Ayany, peke yake, na daftari kwapani. Mitchelle alimtumia ujumbe. Waliketi kitandani, daftari katikati. Nikasogea karibu na pazia, nikijifanya natafuta spana.

Jael alisema, "Mimi pia nilitaka kutoka, mwezi wa nne. Siku tisa sikuweza kutafuna kitu. Angalia, niliandika."

Mitchelle akasema yake inachubua kwenye kona.

"Weka ile nta ya kliniki hapo. Si hivyo. Kidogo tu, uviringe." Akaendelea, "Wakicheka, wewe malizia kusoma. Mimi humaliza."

Walipotoka kununua maziwa nililisoma daftari. Nimeaibika kuliandika hili, lakini nililisoma. Tangu Machi! Tangu siku ile ya rula! Kila wiki wameandika: vidonda, kuchomoka, chakula, usingizi, maneno magumu kutamka. Safu ya Mrija, safu ya Springi. Wamechora picha za ubavu za nyuso zao, mwezi kwa mwezi, kidevu kikija mbele kidogo kidogo kama mwezi unaotoka nyuma ya wingu. Ulinganisho wa kweli ulikuwa ukifanyika kitandani mwa mtoto wangu, na mimi niko nje na rula.

Ukurasa wa mwisho una safu ya wazazi. Kwa Jael: "Anapima kwa rula." Kwa Mitchelle: "Anapima kwa rula. Pia alijigandisha antena."

Usiku Mitchelle alikula viazi viwili. Asubuhi atakwenda shule.

Ijumaa, 24 Oktoba

Vimetolewa. Vyote viwili, siku moja.

Daktari aliwasha kioo chake. Picha ya Februari kushoto, ya leo kulia. Sikungoja kuambiwa, nilivua kofia. Oketch akavua yake. Taya lililoachwa nyuma limefika! Lipo na wenzake! Nilitazama mfupa ule nikafikiria miezi minane: akilala, akifua, akisoma, akigombana na mama yake kuhusu vyombo, na muda wote, ndani kule kwenye giza, kitu kilikuwa kikijijenga bila kelele.

Oketch na mimi tukaomba mshindi atajwe. Daktari akasema hakuna. Wasichana hawa wawili wamefika karibu mahali pamoja kwa njia mbili. Mrija ulisogeza taya lenyewe kidogo zaidi, Springi ilimpa aliyeivaa raha zaidi. Tena sehemu kubwa ya kazi, kwa wote wawili, ni meno yaliyosogea, ya juu yakirudi na ya chini yakija mbele. Mfupa ulitoa mchango wake, lakini si kazi yote. Na watoto wawili si utafiti. Bado nyaya zitabaki mpaka mwakani. Nilitaka kubisha. Nikamtazama Oketch. Naye alitaka kubisha.

Kisha Mitchelle alifunga mdomo.

Basi. Hilo tu. Aliufunga. Mdomo wa juu ukashuka, wa chini ukapanda, ikakutana, bila kukaza kidevu, bila kujilazimisha, kama mlango uliotundikwa vizuri. Akaufungua, akasema, "Baba, twende nyumbani."

Mtoto huyu tangu aanze kusema ameniita "Vava". Nilidhani ni mapenzi. Nilijivunia! Kumbe midomo ilikuwa haifikiani, herufi ilikuwa ikitokea menoni. Leo nimeitwa Baba. B mbili, nzito, kamili, mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba tena. Akasema, "Baba, watu wanatuangalia." Hiyo nayo niliihesabu.

Oketch alikuwa amegeukia dirisha akijipangusa macho. Akasema ni moshi wa kuchomelea. Hapakuwa na mtu anayechomelea.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi. Nimefikiri sana. Mwili wa mtu una akili kuliko fundi yeyote, na kazi yake iachiwe waliosomea. Nimeiandika hapa kwa wino ili isifutike.

Saa tisa alasiri. Mzee Kaloki, mlinzi wa ploti yetu, amepita hapa kibandani akichechemea. Goti lake la kulia linalia kila akipanda ngazi. Nilimwomba apande na kushuka mara sita nikilisikiliza, sikio karibu. Ile sauti naijua! Ni mshtuko unaokosa pa kwenda! Na hapa chini ya meza nina shokabsoba mbili zilizotolewa kwenye pikipiki iliyoanguka, karibu mpya. Moja nje ya goti, moja ndani, mikanda ya ngozi juu na chini. Supaglu sitagusa. Hili halihusu meno hata kidogo, kwa hiyo Daktari Mukai hana la kusema.

Nimempigia Oketch. Ameniambia nimerukwa na akili. Kisha akauliza boliti ni za namba ngapi.

Mzee Kaloki atakuja Jumatatu saa mbili. Nimemwambia avae kaptula.